Futi Nne Zilizopotea Ukutani

Miaka ya mwanzo ya sabini, ofisi za ramani hapa Nairobi zilikuwa zinahama kutoka kwenye futi kwenda kwenye mita, na sote tulikuwa tumechanganyikiwa. Kwa hiyo tulipopima lile ghala la magunia nyuma ya stesheni ya reli na hesabu ikakataa, jambo la kwanza tulilofanya ni kuilaumu tepu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kazi yangu haikuwa ya kupima. Nilikuwa mnakili: nilikuwa nakaa kwenye meza ndefu iliyoinama, natandika karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, kisha kwa wino nafuata kila mstari uliochorwa na mtu mwingine. Mkono wangu haukutetemeka. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa madrasa katikati ya mji, alitufundisha kuandika kwa kalamu ya mwanzi tangu tukiwa wadogo kule Mombasa, na nadhani hapo ndipo mkono wangu ulipotulia. Lakini kwa miaka miwili nilikuwa nikinakili mitaa ambayo sijawahi kuikanyaga. Niliijua Nairobi kama mtu anavyoijua nyumba kwa kuchungulia dirishani.

Asubuhi moja msaidizi wa mpimaji wetu aliugua malaria. Bosi alitoka ofisini kwake akauliza nani anaweza kwenda kushika ncha ya pili ya tepu. Niliinua mkono kabla hajamaliza. Wenzangu walicheka, wakasema nitarudi na viatu vimejaa grisi. Bosi alinitazama kidogo, akasema haya, nenda, lakini urudi na vipimo, usirudi na habari za watu.

Mpimaji alikuwa mtu wa Kitui, umri wake kama thelathini na tano, mkristo wa kanisa hasa, penseli haimtoki sikioni. Alikuwa anaishi Mountain View, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mtu, na kila asubuhi alikuwa ofisini kabla ya wote. Kiswahili chake kilikuwa cha kazini, cha Nairobi, na mama yangu angekisikia angeziba masikio. Lakini sijamwona mtu aliyeipenda kazi yake kama yeye.

Jiji lilitaka kuupanua mtaa ule. Kwa kila jengo tulipewa karatasi moja ya kujaza: urefu, upana, limejengwa kwa nini, linatumika kwa kazi gani sasa. Safu ya mwisho iliuliza lilitumika kwa kazi gani hapo mwanzo. Karibu wapimaji wote waliijaza safu hiyo kwa neno moja tu, haijulikani, wakaendelea na jengo la pili.

Mtaa wenyewe ulikuwa mfupi. Unaanzia karibu na uzio wa reli, unakwenda kidogo, halafu katikati unapinda bila sababu yoyote, kama mtu aliyekumbuka kitu akageuka. Upande mmoja kulikuwa na mafundi wa magari na wauzaji wa vipuri, upande wa pili maghala ya mawe yenye mapaa ya mabati yaliyoshika kutu. Nyundo zinalia tangu asubuhi. Harufu ya mafuta machafu, ya mpira, ya mandazi. Nilisimama pale na ncha ya tepu mkononi nikaona fahari, kana kwamba nimekabidhiwa funguo.

Ghala la magunia lilikuwa jengo la sita. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi, mpole, ambaye alikuwa amekaa humo miaka mingi akiuza magunia matupu kwa wanunuzi wa mahindi na kahawa. Alitukaribisha, akaagiza chai kwa mama aliyekuwa akipika nje, akatuacha tufanye kazi yetu.

Tulipima upana kwa nje: futi arobaini na mbili. Ukuta wa mawe wa kawaida katika mtaa ule ulikuwa wa futi moja. Ukiondoa futi moja kushoto na moja kulia, ndani tulitarajia arobaini. Tukapima ndani, tukapata thelathini na sita.

Mpimaji alidhani nimeshika tepu vibaya. Tukarudia. Thelathini na sita. Akasema labda tumechukua tepu ya mita bila kujua, akaigeuza, akaisoma tena. Tukapima mbele, tukapima katikati, tukapima nyuma kabisa huku tukisukuma magunia kwa mabega, vumbi la katani limetujaa puani. Kila mahali thelathini na sita. Mwisho akatoa penseli sikioni akairudisha bila kuandika.

"Dada," akaniambia, "hii nyumba inatudanganya. Futi nne imeenda wapi?"

Miaka miwili nilikuwa nimefuata mistari ya watu wengine na sikuwahi kushuku hata mmoja. Sasa nilikuwa nimesimama ndani ya mstari uliosema uongo.

Tukaanza kuangalia vizuri. Kuta za pembeni hazikuwa na dirisha hata moja. Uso wa mbele ulikuwa umejengwa upya baadaye, mawe yake ni tofauti, ndiyo maana unene wa zile kuta haukuonekana ukiingia mlangoni. Sakafu ilikuwa imeinama kidogo kuelekea katikati, ambako kulikuwa na mfereji uliozibwa kwa saruji. Juu, chini ya paa, reli ya chuma ilipita kutoka nyuma hadi mbele, na kwenye reli hiyo zilining'inia kulabu mbili nzito. Mfanyabiashara wa magunia alisema alizikuta hivyo hivyo, akazizoea.

Tuliuliza kila mtu. Mfanyabiashara mwenyewe alisikia kuwa ilikuwa jela ya askari wakati wa vita. Fundi mmoja wa magari akasema ni handaki la kujikinga na mabomu. Mama wa chai alikuwa na hakika kwamba kuna mali imefichwa ukutani, na akatuambia wazi kwamba tukiivunja, yeye awepo. Mpimaji akaniuliza tuandike nini kwenye safu ya mwisho. Nikamwambia tusiandike kitu. Kesho tutarudi.

Kesho yake tulirudi na ruhusa ya mwenye ghala ya kutoa jiwe moja. Kwenye kichochoro cha kando ya ghala, nyuma kabisa, kulikuwa na jiwe lililolegea ambalo mvua ilikuwa imekula saruji yake. Mpimaji alilichokoa kwa patasi taratibu, kama anayeng'oa jino la mtoto. Mama wa chai aliacha sufuria lake akaja. Mafundi wawili wakaja. Jiwe lilipotoka, nyuma yake hapakuwa na jiwe jingine. Palikuwa na giza, halafu kitu kikaanza kumiminika chini, laini, cha rangi ya chai ya maziwa, kikajaa miguuni petu.

Ulikuwa unga wa mbao, ule unaodondoka chini ya msumeno. Ukuta ulikuwa wa tabaka mbili za mawe, na kati yake nafasi nzima imejazwa unga wa mbao kutoka chini hadi juu. Mpimaji aliuchota kwa kiganja akaunusa. Bado ulikuwa na harufu ya mti. Mama wa chai alisema mali gani hii, akarudi kwenye sufuria lake, lakini mimi na mpimaji tulikuwa tukitazamana na kucheka kama watoto. Tulikuwa tumezipata zile futi nne. Hatukujua ni za nini, lakini tulikuwa tumezipata.

Jioni hiyo nilipanda ngazi za nyumbani mbiombio. Tulikuwa tunakaa juu ya duka la vitambaa, vyumba vitatu, na baba alikuwa amerudi kutoka msikitini anakunywa kahawa. Nilimsimulia yote kwa pumzi moja. Mama akanikumbusha kwamba chakula kinapoa. Baba akanitaka nirudie habari ya sakafu iliyoinama. Nikarudia. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa kijana Mombasa alikuwa akiona barafu ikitolewa mjini kupelekwa kwa wenye samaki, na kila bonge lilizikwa ndani ya unga wa mbao ili lisiyeyuke njiani.

"Huo unga haufichi mali," akasema. "Unazuia joto. Hiyo nyumba yako, mwanangu, ilikuwa ya barafu."

Sikula. Nilichukua karatasi nikaanza kuchora: mfereji wa maji ya barafu inayoyeyuka, kulabu za kubebea mabonge, kuta zisizo na dirisha. Kila kitu kiliingia mahali pake. Mama alikasirika kidogo, halafu naye akaja kuchungulia begani kwangu.

Asubuhi nilimngoja mpimaji mlangoni mwa ofisi. Nilipotamka tu neno barafu, alisimama pale pale kwenye ngazi, akashika ukuta. Nikadhani anaumwa. Ndipo akanieleza juu ya mjomba wake.

Mjomba huyo, kaka wa mama yake, alikuja Nairobi kijana mdogo, zamani sana, akafanya kazi miaka mingi. Kila alipokwenda Kitui likizo aliwasimulia kwamba kazi yake ni kubeba mawe yaliyotengenezwa kwa maji, mawe baridi mpaka yanaunguza, na kwamba ndani ya nyumba anakofanya kazi watu huvaa makoti mazito wakati nje jua linawaka. Hakuna aliyemwamini. Kijiji kizima kilimpa jina la muongo, na dada yake mkubwa ndiye aliyecheka kuliko wote. Mtoto yeyote akidanganya, alikuwa akiambiwa, umekuwa kama mjomba wako. Mwisho aliacha kusimulia. Baadaye akaacha hata kwenda nyumbani mara kwa mara. Sasa alikuwa mzee, anakaa Waithaka kwa binti yake aliyeolewa huko.

"Hata mimi nilicheka yeye," mpimaji akasema. "Nilikuwa mtoto, lakini nilicheka."

Jumapili, baada ya yeye kutoka kanisani, tulikwenda Waithaka. Wakati huo kulikuwa na mashamba zaidi ya nyumba: mahindi, migomba, ng'ombe wawili watatu kila boma, na udongo mwekundu uliopanda mpaka kwenye pindo la buibui langu. Mzee tulimkuta amekaa nyuma ya jiko akimenya maharagwe. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba vizuri kabisa, akasema alijifunza salamu hiyo kwa watu wa pwani aliofanya nao kazi.

Mpimaji alishindwa kuanza. Basi mimi ndiye niliyefungua mfuko wa karatasi niliokuwa nimebeba, nikammwagia ule unga wa mbao kidogo kwenye kiganja chake.

Mzee aliutazama. Akausugua kwa kidole gumba. Halafu akauleta puani, akafumba macho. Binti yake alitoka jikoni akauliza kuna nini. Mzee akafungua shati akatuonyesha bega la kulia. Ngozi ilikuwa ngumu na nyeupe kidogo, kama kovu la moto.

"Hili ni bega la barafu," akasema. "Mmefika kwenye nyumba yangu."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Alituambia habari za mashine kubwa iliyokuwa kwenye banda la nyuma, ambayo sasa haipo, na ile hewa kali iliyokuwa ikivuja na kuwaliza watu wazima machozi. Alituambia jinsi maji yalivyomiminwa kwenye makopo marefu ya chuma na kuzamishwa ndani ya maji ya chumvi, na jinsi siku ya pili yalivyotoka yamekuwa mawe. Barafu ilikwenda kwenye mahoteli, ilikwenda hospitali kwa wenye homa kali, ilikwenda kwenye mabehewa ya samaki yaliyotoka Kisumu na yale yaliyotoka pwani. Mpimaji alikuwa anaandika upesi mpaka penseli ikavunjika, na binti wa mzee akaenda kumtafutia ya mtoto wa shule. Yeye pia, nilimwona, alikuwa akisikia mengi ya haya kwa mara ya kwanza.

Nikamwuliza mzee kama angependa kuuona mtaa tena. Akaniuliza tunakwenda sasa hivi au kesho.

Tulikwenda Jumatatu, na siku ile ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu. Mzee alivaa koti lake la kanisani. Alifika mwanzo wa mtaa, akasimama, akaanza kutembea polepole akinyoosha kidole, na mimi nyuma yake na ramani yangu kwenye ubao. Hapo kwa muuza betri palikuwa na kiwanda cha soda, kwa sababu soda inahitaji baridi. Hapo kwenye ghala la rangi palihifadhiwa siagi iliyotoka mashambani ikisubiri treni. Hapo palikuwa na bucha kubwa, na pale pembeni zizi la nyumbu waliovuta mikokoteni ya barafu kabla ya malori. Nilikuwa naandika kila alilosema. Majengo niliyoyaona kama maghala tu, moja baada ya jingine, yalikuwa yamejipanga kuizunguka nyumba ya barafu kama watu wanaoota moto. Mtaa mzima ulizaliwa na baridi.

Tulipofika pale unapopinda, nilimwuliza kwa nini.

Akanishangaa. "Si reli ilipita hapa," akasema. "Tawi la kuingizia mabehewa. Treni haiwezi kukata kona kali, kwa hiyo kuta zilijengwa kuifuata. Reli waliing'oa, kuta zikabaki."

Niliangalia ule upindo kwenye ramani yangu. Nilikuwa nimeunakili mara tatu katika miaka miwili, na kila mara nilidhani aliyechora alikuwa na mkono mbaya. Nikapiga magoti pale pale mtaani na kuchora kwa nukta njia ya treni, kutoka kwenye uzio wa stesheni, kupitia kwenye upindo, mpaka mlango wa nyuma wa nyumba ya barafu. Iliingia bila kugusa jengo hata moja. Mpimaji alipiga makofi. Mafundi waliacha kazi wakaja kuangalia, na mfanyabiashara wa magunia akatoka na kiti kwa ajili ya mzee.

Bosi hakufurahi. Alisema kazi ya siku tatu imechukua wiki mbili, na jiji liliomba vipimo, halikuomba historia. Alikuwa na haki. Ila mimi sikuweza kuiacha hivyo. Jumamosi nilikwenda nyumbani kwake Kilimani, siku hizo Kilimani ikiwa nyumba za mawe zenye vigae na bustani kubwa na mbwa wakali, nikiwa na ramani imeviringishwa kwapani. Mkewe alinikaribisha, akashangaa, akaniletea maji ya ndimu. Bosi alitoka bustanini na udongo mikononi. Nilitandaza ramani kwenye meza ya barazani, nikaweka juu yake karatasi yangu ya kunakilia: chini mtaa kama ulivyo, juu mtaa kama ulivyokuwa, na reli imepita katikati kwa wino mwekundu. Nikainua karatasi, nikaishusha. Nikainua tena.

Alivaa miwani. Aliinua na kuishusha karatasi mwenyewe, mara nne au tano. Halafu akaniuliza ni nani aliyeichora, nami nikamwambia ni mimi. Akanisahihisha jinsi nilivyoandika mshale wa kaskazini, akasema ramani itapelekwa jijini pamoja na zile nyingine, na kwamba kuanzia mwezi ujao nikae kwenye meza ya wachoraji, si ya wanakili. Nilitoka Kilimani kwa miguu mpaka mjini. Sikuwa na haja ya basi.

Mtaa haukupanuliwa. Mipango ilibadilika, kama ilivyokuwa ikibadilika mara nyingi, na karatasi zetu zilikaa kwenye kabati la mtu fulani. Nyumba ya barafu ilisimama miaka michache zaidi, kisha mfanyabiashara wa magunia alistaafu, mmiliki mpya akaivunja ili aweke karakana ya malori. Nilikwenda kuiona ikivunjwa. Unga wa mbao ulipeperuka mtaa mzima na watu wakapiga chafya mchana kutwa.

Lakini kabla ya hapo, kwenye likizo ya Agosti, mpimaji aliwaleta jamaa zake kutoka Kitui. Walikuja saba. Mbele alikuwa yule dada mkubwa wa mzee, mama mwembamba mwenye fimbo na kilemba cheupe, ambaye hakuwa amekanyaga Nairobi maishani mwake. Walizungushwa mtaa wote. Mzee aliwaonyesha reli ya juu, kulabu, mfereji. Dada yake alisikiliza uso umekunjwa. Kwenye kichochoro, mpimaji alitoa lile jiwe lililolegea, na mzee akamwambia dada yake atie mkono.

Aliuingiza mkono mpaka kiwikoni. Alikaa hivyo, anapapasa ndani ya ukuta, na sote tukasubiri. Alipoutoa ulikuwa umejaa unga. Alisema maneno machache kwa Kikamba. Mpimaji aliniambia baadaye kwamba alisema, basi ulisema kweli, na sisi tulikuita muongo miaka yote hii.

Mzee alifuta machozi kwa mkono wa koti. Kisha akamshika dada yake mkono, wakatoka kichochoroni, wakaketi kwenye viti alivyovitoa mfanyabiashara wa magunia, na mama wa chai akaleta vikombe kwa wote. Hapo mzee akajikohoza, akaanza kuwasimulia jinsi siku moja walivyokuta samaki ameganda katikati ya bonge la barafu, wakamtoa, wakamweka kwenye ndoo ya maji, na samaki akaanza kuogelea.

Dada yake aliweka kikombe chini. Alisema kwa Kiswahili, ili sote tusikie, kwamba hiyo sasa haamini hata kidogo. Mzee alicheka mpaka chai ikammwagikia kifuani.